Simango na Ukatili wa Kisaikolojia: Uhakiki wa Istilahi Moja Itumikayo Nachingwea na Ruangwa

I

Istilahi "ukatili wa kisaikolojia" imeenea sana nchini Tanzania tangu Serikali ilipoanza kutekeleza Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto katika mwaka 2017/18. Husomwa katika vipeperushi, husikika katika mikutano ya vijiji, na hutajwa katika madawati ya jinsia na watoto yaliyomo katika vituo vya polisi. Aghalabu husimama katika safu ya ndugu wanne: ukatili wa kimwili, wa kingono, wa kisaikolojia na wa kiuchumi. Safu hii haikuzuka katika Kiswahili. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1993 lilikwisha kutaja kwa pamoja madhara ya mwili, ya kujamiiana na ya nafsi; Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ambayo Tanzania iliiridhia mwaka 2007, iliongeza madhara ya uchumi. Kutoka huko istilahi ilishuka ngazi kwa ngazi, kwa wizara, mkoa, halmashauri na kata, hata ikafika katika vijiji vya Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi.

Jambo linalotajwa na istilahi hii ni la kweli, tena ni zito. Mwanamke aweza kuishi miaka kumi katika nyumba ya mumewe pasipo kupigwa hata kofi moja, na miaka hiyo ikamharibu kuliko kofi. Msichana aweza kuacha shule pasipo kufukuzwa na mtu, kwa sababu tu ya jina aitwalo njiani kila asubuhi. Hapana ubishi juu ya hayo. Ubishi uko juu ya istilahi yenyewe: je, yamwezesha mwanamke wa Mnero au wa Mbekenyera kulisema lililompata, na je, yamwezesha amsikilizaye kulitambua? Uhakiki huu wadai kwamba haitoshi kwa kazi hiyo. Kwamba Kiswahili kina maneno yake ya jambo hili, makali na yenye mipaka. Na kwamba maneno hayo, pamoja na sarufi yake, yaeleza ukatili huu vizuri kuliko istilahi iliyokuja kuyafunika.

Wala hili si suala la ufasaha mtupu. Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki. Tangu hapo neno lichaguliwalo na mfasiri laweza kuwa neno litakalompa mtu haki yake au kumnyima. Kabla ya hapo istilahi mbovu iliwachosha wasomaji. Sasa yaweza kumrudisha mwanamke nyumbani mikono mitupu.

II

Yafaa kuanza na neno la kwanza, "ukatili". Limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake huko ni wa kuua. Katika Kiswahili mtu katili si lazima awe ameua, lakini harufu ya damu haijalitoka neno. Katili ni mtu anayepiga bila huruma, anayechoma, anayemfunga mtoto kamba. Msikilizaji akiambiwa kwamba fulani ametendewa ukatili, macho yake hutafuta jeraha. Asipoliona, ama hudhani kwamba limefichwa, ama hudhani kwamba msemaji ametia chumvi. Kwa hiyo neno hili, likiunganishwa na madhara yasiyo na jeraha, humtupia mwanamke mzigo wa kwanza kabla hajaanza kueleza: lazima athibitishe kwamba neno "ukatili" lamstahili.

Neno la pili lina kasoro kubwa zaidi. "Saikolojia" ni jina la elimu. Ni elimu ya nafsi, kama vile jiolojia ilivyo elimu ya miamba. Jambo la kisaikolojia, kwa maana yake halisi, ni jambo la elimu hiyo: utafiti wa kisaikolojia, nadharia ya kisaikolojia. Lakini elimu haiumizwi. Kiumizwacho ni nafsi. Kusema "ukatili wa kisaikolojia" ni kama kusema kwamba shoka limemkata mtu kianatomia. Wataalamu husameheana kosa la namna hii, kwa kuwa wamezoea maana iliyokusudiwa. Mwanakijiji hana cha kumsaidia, maana neno halina ndugu hata mmoja katika maneno ayajuayo.

Wengine wameiona kasoro hiyo wakajaribu "ukatili wa kiakili". Hapa wameruka moto wakaangukia makaa. Akili katika Kiswahili ni uwezo wa kufahamu na kupambanua, na mtu mwenye tatizo la akili hudhaniwa mwendawazimu. Mwanamke akiambiwa kwamba ameumizwa akili, aweza kusikia kwamba anaitwa kichaa; na mume asiye mwema hatakosa kulitumia neno hilo dhidi yake. Wengine tena husema "ukatili wa kihisia", na hili ni afadhali, ingawa hisia ni jambo lipitalo, na linalosemwa hapa si jambo lipitalo.

Kwamba lugha yaweza kufanya vizuri zaidi kwadhihirishwa na neno "sonona". Kitenzi kusonona kilikuwako zamani kwa maana ya kuhuzunika ndani kwa ndani. Walipohitaji jina la ugonjwa wa huzuni ya kudumu, waandishi wa mambo ya afya walilichukua, na leo sonona lasomwa magazetini na kusikika redioni bila maelezo marefu. Mtu asiyewahi kulisikia hukisia maana, kwa sababu sauti na mzizi wake ni wa nyumbani. Basi, ikiwa matokeo ya ukatili huu yamepata jina la Kiswahili, hapana sababu ya kitendo chenyewe kubaki bila jina.

III

Majina yako, tena ni mengi, nayo si visawe. Neno la kwanza kwa uzito ni "kusimanga". Kumsimanga mtu si kumtukana. Tusi laweza kutolewa na mpita njia kwa mpita njia mwenziwe. Simango halitoki ila kwa mtu aliyekutendea hisani, au anayedai kwamba amekutendea. Lina sehemu tatu: kwanza pana fadhila iliyotolewa, kama chakula, nguo, paa au ada ya shule, pili pana ukumbusho wa fadhila hiyo, unaorudiwa, tatu pana udhalilishaji, kwamba mpokeaji si kitu bila mtoaji. Kwa hiyo simango ni ukatili unaohitaji utegemezi. Asiyekutegemea hawezi kusimangwa nawe, na "chakula cha masimango" ni kile ambacho mlaji hana kingine.

Maana hii yaonekana wazi zaidi mtu akitazama maisha ya wilaya hizi mbili. Wamwera, walio wengi miongoni mwa wenyeji wa huko, pamoja na jirani zao Wamakonde, Wamakua na Wayao, zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba alikuwa na sauti juu ya watoto wa dada yake, na katika jamii za namna hii mume aghalabu aliishi kwa wakwe. Katika hali hiyo simango lilikuwa na njia ya kumfikia mume pia: yeye ndiye aliyekuja, yeye ndiye aliyepewa mahali pa kulima. Dini, shule, mishahara na mazao ya fedha vilipogeuza utaratibu huo polepole, paa likawa la mume, na simango likageuza uso.

Zao la korosho laonyesha jambo hilo vizuri. Mwanamke hupalilia, hufyeka chini ya mikorosho na huokota. Lakini fedha hulipwa kwa mkulima aliyeandikishwa katika chama cha ushirika, na katika wilaya hizi vyama hivyo vimeungana na vya Liwale chini ya chama kikuu cha RUNALI. Jina lililoandikwa likiwa la mume, fedha za msimu mzima huingia mikononi mwake kwa pamoja, na kila atoacho nyumbani baada ya hapo huonekana hisani. Kazi ya mke imegeuka kuwa fadhila ya mume. Hapo ndipo yazukapo maneno yasemwayo katika nyumba nyingi za Tanzania: "Umekuja na nini hapa? Unakula vya nani?" Ni maswali yasiyotaka jibu, na ndiyo maana yanaumiza.

Hata hivyo jibu lilikwisha kutolewa, tena na chombo kikubwa. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa, kwa maana ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Wanasheria husoma uamuzi huo kama habari ya mgawanyo wa mali. Mchunguzi wa lugha aweza kuusoma vingine: ni kanusho la simango. Mahakama ilisema kwamba aliyedaiwa kula bure hakula bure. Lau kama waelimishaji wangeuelezea uamuzi huo kwa neno hili, wanawake wengi wangeuelewa kwa dakika moja.

Kando ya simango pana maneno mengine, na sarufi yake ni ya kuangaliwa. Kitenzi kusema, kikichukua mtendwa aliye mtu, hubadilika tabia. "Alisema" hakina lawama. "Alimsema" ni kumshutumu mtu na kumwaibisha. Kiambishi kimoja, -m-, kimegeuza usemi kuwa pigo. Kisha kuna "kumpiga mtu kijembe", yaani kumchoma kwa maneno ya pembeni asiyoweza kuyajibu bila kukiri kwamba ndiye aliyekusudiwa. Na kijembe, kama ijulikanavyo, ni wembe mdogo. Waliotunga usemi huo hawakuhitaji kufundishwa kwamba maneno hukata.

Lakini ajabu kubwa ni kwa vitenzi vya kimya. Kununa ni hali ya mtu peke yake: amenuna, amekunja uso. Kikiongezwa mnyambuliko wa kutendea, huwa kununia, na papo hapo kimya hupata shabaha: "amemnunia mkewe wiki mbili". Vivyo hivyo kususa na kususia: mume aliyesusia chakula cha mkewe mbele ya wageni hakusema neno, wala hakuinua mkono, lakini kila aliyekuwapo alifahamu kwamba amefanya jambo, na amemfanyia nani. Kiswahili, kwa irabu moja ya mnyambuliko, chatambua kwamba kutotenda kwaweza kuwa tendo.

Tofauti na hayo yaweza kupimwa kwa maswali ya utafiti mashuhuri wa Shirika la Afya Duniani, uliotolewa mwaka 2005, ambao katika Tanzania ulifanyika Dar es Salaam na Mbeya. Chini ya madhara ya hisia wanawake waliulizwa juu ya mambo manne: kutukanwa au kufanywa wajione vibaya, kudhalilishwa mbele ya watu, kutishwa kwa makusudi, na kutishiwa kuumizwa, wao au wawapendao. Kupuuzwa na mume kuliwekwa katika kundi jingine, la tabia za kutawala. Maswali hayo yana faida kubwa, maana yaruhusu nchi moja kulinganishwa na nyingine. Lakini simango halina mahali pake humo. Mtu hana budi kulisukuma ndani ya swali la kwanza, na likiisha kuingia huko, utegemezi ulio kiini chake hupotea, likabaki kuwa tusi kama matusi mengine.

IV

Kasoro ya istilahi haiishii katika msamiati. Yafika hata katika nyakati za vitenzi. Ukatili wa mwili una tarehe. "Alinipiga Jumapili" ni sentensi kamili ya ushahidi: pana mtenda, mtendwa, tendo na siku. Ukatili wa nafsi hauna tarehe, una desturi. Mwanamke hasemi "alinisimanga Jumapili", na akisema hivyo, karani aweza kumwuliza kwa haki kabisa, "Basi ni hilo tu?" Asemalo ni "hunisimanga". Sasa kiambishi hu- kina sifa ya pekee katika Kiswahili: hakipokei kiambishi cha nafsi ya mtenda. Katika "hunisimanga" mtendwa yumo, -ni-, mtenda hayumo. Sarufi yenyewe imemtaja aliyeumizwa na kumficha aliyeumiza. Katika mazungumzo ya bara wasemaji wengi huziba pengo hilo kwa kusema "ananisimangaga", na hapo mtenda hurudi pamoja na desturi yake; lakini umbo hilo huhesabiwa si sanifu, na mwandishi mwangalifu wa maelezo hulisahihisha liwe "ananisimanga". Kwa usahihisho huo mdogo, miaka kumi imegeuzwa kuwa leo.

Sheria nayo imegawanyika katika jambo hili. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 89, yakataza lugha ya matusi iwezayo kuleta uvunjifu wa amani. Kinacholindwa hapo ni amani ya watu, na nafsi ya aliyetukanwa ni jambo la pembeni; tena tusi hutazamwa kama tukio. Simango la chumbani, lisemwalo kwa sauti ya chini baada ya watoto kulala, halivunji amani ya mtu yeyote ila mmoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikwenda mbali zaidi. Kifungu cha 66 kilikataza mume au mke kumwadhibu mwenziwe kwa kumpiga, na kifungu cha 107 kilikubali kwamba ukatili, uwe wa mwili au wa nafsi, waweza kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Kwa nusu karne, basi, Tanzania Bara imekuwa na sheria inayoutambua ukatili huu. Lakini imeuweka mwishoni mwa ndoa, katika talaka, na kabla ya kufika mahakamani wenye ndoa hutakiwa kwa kawaida kupita kwanza mbele ya baraza la usuluhishi. Huko kwenye baraza ndiko maneno yanakopimwa na watu wa kawaida kwa lugha ya kawaida. Na huko ndiko istilahi isiyoeleweka inakoanguka.

V

Haitakuwa haki kuyasifu maneno ya nyumbani bila kutaja hatari yake. Hoja kubwa dhidi ya uhakiki huu ni kwamba simango ni neno la kila siku, na jambo lenye jina la kila siku huonekana la kila siku. Mama mkwe hulijua, jirani hulijua, na wote hushauri kuvumilia. Methali nayo ipo tayari: maneno makali hayavunji mfupa. Istilahi "ukatili", hata ikiwa ngeni katika matumizi haya, imefanya kazi moja ambayo simango halijaifanya: imelitoa jambo jikoni na kulipeleka ofisini. Hoja hii ni ya kweli, wala haifai kupuuzwa.

Lakini methali hazisemi upande mmoja. Wazee waliosema kwamba maneno hayavunji mfupa ndio waliosema kwamba ulimi unauma kuliko meno, na kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali ya kwanza humfaa anayetaka kumtuliza mtu. Za pili hukiri kwamba kuna cha kutulizwa. Zikichukuliwa pamoja, zaonyesha kwamba jamii ilikuwa na mjadala, na mjadala huo haujafungwa.

Mjadala huo wasikika pia katika unyago, ambao wilaya hizi zaujua sana. Wako wanaoulaumu kwa ujumla, kwa kuwa mwali hufundwa kunyamaza na kutunza siri ya nyumba. Lawama hiyo ina msingi, lakini si habari nzima. Unyago ndio mahali pa kwanza ambapo msichana hufundishwa na watu wazima, kwa mafumbo na nyimbo, kwamba maneno yana nguvu ya kumjenga mtu na kumbomoa. Amwambiaye mwenziwe "hukufundwa" amemtoa katika hesabu ya wanawake. Somo anayejua kumfunda mwali aitambue heshima, hashindwi kumfunda alitambue simango na mahali pa kulisemea. Methali ya kumpa ujasiri anayo: mficha uchi hazai.

Habari ya wasichana yahitaji tahadhari ya peke yake. Mwezi Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi katika shule za Serikali. Uamuzi huo uliondoa kizuizi cha mlango; haukuweza kuondoa majina. Msichana arudiye darasani akaitwa "mama" na wenziwe, au na mwalimu kwa mzaha, ameitwa kwa neno lenye heshima kuu katika lugha, nalo limegeuzwa kijembe. Hakuna tusi hapo, hakuna tishio, na kamusi haitaonyesha ubaya wowote. Ubaya umo katika nani asema, wapi na mara ngapi. Istilahi ya jumla haimsaidii mwalimu mkuu kuliona jambo hilo. Kitenzi "kumpiga kijembe" chamsaidia.

VI

Lipendekezwalo si kuifuta istilahi ya mpango wa taifa na kuweka neno moja mahali pake. Kichwa cha fomu chahitaji neno pana, na kwa kichwa hicho "ukatili wa nafsi" lingefaa kuliko "ukatili wa kisaikolojia", kwa kuwa lataja kiumizwacho. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967 kwa kazi kama hizi, laweza kulipima. Lakini chini ya kichwa, mahali pa maelezo, yafaa kitendo kiandikwe kwa kitenzi alichokitumia mwanamke mwenyewe: anasimangwa, ananuniwa, anasusiwa, anasemwa, anapigwa vijembe. Na mahali pa tarehe pawe na nafasi ya pili, ya kuandika desturi: tangu lini, mara ngapi, mbele ya nani.

Kazi nyingine ni ya wachunguzi wa lugha. Kiswahili cha Nachingwea na Ruangwa si cha mwambao mtupu. Mpango wa Karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951, ulikusanya Nachingwea vibarua wa makabila mengi, na Kiswahili chao kilikutana na Kimwera cha wenyeji. Lyndon Harries alikwisha kuandika sarufi ya Kimwera, iliyochapishwa mwaka 1950; lakini sarufi huonyesha jinsi vitenzi vinavyonyambulika, wala haikukusudiwa kueleza jinsi wake wanavyosimangwa. Maneno ya Kimwera ya simango, ya kununa na ya fedheha yangali midomoni mwa kina bibi. Yakikusanywa na kulinganishwa na ya Kiswahili, huenda yakatoa tofauti ambazo Kiswahili sanifu hakina, na kamusi ikafaidika pamoja na mahakama.

Hata wakati huo utakapofika, kipimo cha istilahi yoyote kitabaki kimoja. Mwanamke aliyetembea kutoka kijijini hadi ofisi ya kata ana muda mfupi na ujasiri usiodumu. Akifungua kinywa aseme "hunisimanga", na anayeandika akaandika "ugomvi wa kifamilia", lugha imemshinda mara mbili: mara moja nyumbani, na mara ya pili mezani pa karani.